Sentensi Moja ya Kumtoa Baba Shambani

Hadi leo nikisikia harufu ya madaftari yaliyolowa yakaanikwa juani, hujikuta nikitafuta daftari langu. Ndiyo harufu ya darasa letu la saba kule Garsen, mwaka mmoja wa mvua kubwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Mto Tana ulipanda kila siku, na sisi watu wa mashamba ya mtoni tukahamia kwenye mwinuko, karibu na shule. Sote isipokuwa Baba. Yeye alibaki juu ya dungu lake la miti, akilinda mahindi yasiliwe na nyani.

Mwalimu Galgalo alitufundisha insha. Hakuwa mtu wa kuchapa, lakini alikuwa na namna ya kukurudishia daftari bila kukutazama, na mimi niliiogopa kuliko kiboko. Alitaka aya ya kwanza iwe na sentensi moja ya msimamo: unaamini nini, na kwa nini. Wiki ile alituuliza kama watu wabaki mashambani mto unapofurika. Nikaandika kwamba wengine husema wabaki, wengine wahame, na kila upande una faida na hasara. Akanirudishia. Nikaandika kwamba suala hili ni muhimu sana katika jamii. Akanirudishia tena.

"Nimesoma ukurasa mzima," alisema mara ya tatu, kwa upole ulionitisha zaidi, "na bado sijui wewe unataka nini."

Nilijua nilichotaka. Sikuthubutu kukiandika, kwa sababu insha zingesomwa Ijumaa mbele ya wazazi, na kwetu mtoto hakumwambia baba yake la kufanya. Lakini Alhamisi asubuhi tuliliona dungu la jirani likipita mtoni, zima, mkeka ungali juu yake. Nikaandika: Baba yangu aondoke shambani kabla ya Jumapili, kwa sababu maji yaliyong'oa dungu la jirani yatafika kwake.

Ijumaa Baba alikuja, suruali imelowa hadi magotini, akakaa benchi la nyuma. Nilisoma sauti ikikatika. Nilipofika kwenye sentensi ile, wazazi waligeuka kumtazama Baba. Baba akasimama taratibu.

"Una hakika, mwanangu?"

"Naogopa, Baba."

"Sikukuuliza hilo."

Nilitazama daftari. "Nina hakika," nikasema, na nikuambie kweli, sikuwa nayo.

Akavaa kofia yake, akatoka. Niliamini nimemwaibisha mbele ya watu. Kesho yake adhuhuri akafika mwinukoni na jembe, sufuria na kuku wawili.

Maji hayakufika. Yalisimama hatua chache kutoka kwenye dungu, yakaanza kupungua. Nyani waliokimbia mafuriko wakayamaliza mahindi yetu kwa siku mbili, na miezi iliyofuata tulikula maharagwe ya msaada. Kila mlo nilingoja lawama, hata sikuweza kuinua macho. Mara moja tu Baba alisema, akinisogezea sahani, "Wewe ulisema wazi. Kuondoka niliamua mimi."

Siku hizi nami nafundisha insha. Mwanafunzi akiandika kwamba kila upande una faida na hasara, simkasirikii. Utotoni nilidhani namwogopa Mwalimu, kisha nikadhani namwogopa Baba. Kumbe niliogopa kwamba mtu angeniamini, ainuke, aende akafanye nilivyosema.