Msimu Pua ya Mama Ilipoziba

Mama yangu hununua mahindi kwa pua. Hutumbukiza mkono ndani ya gunia hadi kiwikoni, akavuta punje kutoka katikati, ambako jua halijafika, akazipulizia pumzi ya moto mara mbili, kisha akafunika pua na mdomo kwa kiganja hicho na kufumba macho. Wanunuzi wengine wa Kitale wana kipima unyevu. Mama naye anacho, kimelala kabatini pamoja na vyombo vya wageni. Husema kwamba kile kipimo hukueleza kama mahindi yamekauka, lakini hakikuelezi yalikopitia. Mahindi yaliyonyeshewa shambani, yakaota kuvu, kisha yakaanikwa wiki nzima juu ya turubai na kuchanganywa na mazuri, kipimo huyapitisha bila neno. Pua ya Mama haikuwahi kuyapitisha. Wanaonunua kwake ni majirani, watu wa kusaga debe mojamoja na kuwapikia watoto uji, na yeye anajua kwamba kuvu hiyo imewahi kuua watu.

Kwa hiyo pua ilipoziba, katikati ya mavuno, hatukuchukulia kama mafua tu.

Nilikuwa nimerudi nyumbani kumalizia riwaya. Wiki ya kwanza Mama alipiga chafya. Wiki ya pili chafya zilikwisha na kila kitu kikafunga kichwani mwake. Asubuhi moja alitia chai yetu maziwa yaliyoharibika, akanywa kikombe kizima huku akizungumza habari za mawingu, nami nilikaa nikiangalia vile vipande vyeupe vikielea katika changu. Aliponiona sinywi, alichungulia kikombe, akachungulia uso wangu, akaelewa. Akaenda kumwaga sufuria nzima nyuma ya nyumba.

"Usimwambie mtu," akasema aliporudi.

Sababu ilikuwa wazi. Habari zikivuja kwamba hanusi, kila gunia bovu kati ya Mabanga na Tongaren lingeletwa mlangoni petu. Kwenye zahanati alipewa vidonge na kuambiwa asubiri, pua itarudi yenyewe baada ya wiki kadhaa. Lakini mahindi hayasubiri. Wakulima walikuwa wameshapukuchua.

Aliyejua siri ni mtu mmoja tu nje ya nyumba, jirani yetu, mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Sirisia, ambaye ukuta wa choo chake unapakana na jiko letu. Alikuwa amemsikia Mama akivuta makamasi usiku na mchana, akaja na beseni kabla ya kuitwa.

"Hii mafua imejificha huko juu, mayi," alimwambia Mama, akimwita kwa heshima kama wanawake wa kwao wanavyoitana. "Lazima itoke kwa nguvu."

Nasema ukweli, sijawahi kuona mambo yale na sitaki kuyaona tena. Kwanza ulikuja mvuke. Majani ya mkaratusi yalichemshwa kwenye karai, Mama akainamishwa juu yake na kufunikwa blanketi, nami nikapewa kazi ya kushika beseni chini ya kidevu chake. Kutoka gizani mle nilisikia mlio wa kitu kinachong'oka, kisha kikatua kwenye beseni kwa uzito ambao mikono yangu iliupokea. Blanketi lilipofunuliwa, uso wa Mama ulikuwa mwekundu na laini kama wa mtoto mchanga, na kutoka puani mwake ulining'inia uzi wa kijani, mzito, ukirefuka bila haraka, kama mboga ya mrenda inayoinuliwa kwa mwiko. Jirani aliukata kwa vidole vyake mwenyewe, akaupangusa kwenye nyasi.

Jioni ile ile alituletea mrenda wa chakula cha usiku. Nilikula ugali mtupu.

Siku iliyofuata ilikuwa maji ya chumvi, yenye uvuguvugu, yaliyovutwa kutoka kiganjani kupitia pua na kutokea mdomoni. Mama alikohoa, akatapika kidogo, akavuta tena. Siku ya tatu ilikuwa mafuta ya kondoo yaliyoyeyushwa pamoja na vitunguu. Nyumba nzima ilinuka zizi lililoungua. Harufu iliingia katika mapazia, katika nywele zangu, katika mto wangu na karatasi nilizochapishia sura za riwaya yangu. Mama alilala chali, jirani akamtonea matone mawili kila tundu, na mgonjwa akawa ndiye mtu pekee katika nyumba ile asiyeteseka. Alituuliza kwa nini tunafungua madirisha na kuna baridi.

Nilipogeuza uso, jirani aliniona.

"Sasa wewe unageuka ati wewe ni nani? Si hii pua ndiyo ilikusomesha mpaka ukaenda kuandika vitabu?"

Nikageuka tena, nikashika beseni. Lakini usiku ule nilichukua dawa ya kuchua, ile ya mkebe mdogo yenye makali ya karafuu na mkaratusi, nikajipaka tabaka nene juu ya mdomo. Ilichoma. Machozi yalinitoka. Lakini hatimaye sikunusa kondoo, na nikalala usingizi mzuri. Tangu hapo niliipaka kila asubuhi kama mtu anayevaa viatu.

Mama alikuwa na mpango. Tungeenda wote Tongaren kwa mzee mmoja ambaye alikuwa amemuuzia mahindi tangu nikiwa shule ya msingi. Mama angechota kama kawaida, angepulizia, angejifanya ananusa, kisha angenitilia kiganjani punje zile kana kwamba ananifundisha kazi. Yakiwa mabaya, nikohoe. Yakiwa mazuri, ninyamaze. Nilikubali mara moja. Mimi ambaye wenzangu wa kusoma miswada hunisifia kwa namna ninavyoandika harufu, ningeshindwaje na gunia la mahindi?

Asubuhi ya safari jirani alikuja na tiba mpya, aliyoiona kwenye simu. Alimenya punje mbili za kitunguu saumu, akamsokomeza Mama moja kila tundu, akamwambia akae nazo mpaka afike. Mama alikaa nazo ndani ya pikapu kutoka Kitale hadi karibu na boma la mzee, akipumua kwa mdomo, macho yakimlengalenga. Tulipokaribia alizichomoa. Sikuwahi kufikiri kwamba kichwa cha binadamu kinaweza kuhifadhi vitu vingi namna ile. Vilitoka bila kukatika, vikafunika kidevu, vikatua kwenye leso aliyokuwa ameitandika mapajani, na alicheka, maskini, kwa kuona wingi wake, akidhani sasa amepona. Alivuta hewa. Akatikisa kichwa. Hakunusa kitu.

Mimi nilikuwa nimetazama dirishani, kidole ndani ya mkebe, nikijipaka mara ya pili.

Mzee alitukaribisha kwa chai. Magunia thelathini yalikuwa yamepangwa kando ya ghala lake, na mengine yakijazwa kutoka kwenye turubai. Mama akaanza. Mkono hadi kiwikoni, pumzi mbili, macho kufumbwa. Hakuna mtu angejua. Kisha akanipa. Niliinamisha uso kwenye punje zile, nikavuta kwa nguvu, nikanusa mkaratusi. Gunia la pili, mkaratusi. La kumi, la ishirini, mkaratusi na karafuu.

Nilijua. Hapo ndipo kalamu yangu inapokwama kila ninapojaribu kuandika jambo hili. Nilijua tangu gunia la kwanza kwamba pua yangu haifanyi kazi, na ningeweza kuomba maji na sabuni, ningeweza kumvuta Mama kando nikamwambia tusubiri saa moja. Lakini kufanya hivyo kungekuwa kukiri kwamba nilijipaka ili nisimnuse yeye. Nikanyamaza mara thelathini, na kila nilivyonyamaza gunia lilifungwa na kupakiwa.

Siku mbili baadaye jirani alikuja na chupa ya asali na tangawizi, akasimama kwenye mlango wa stoo yetu, asiingie.

"Mayi, nini imeoza huku?"

Mama alikuwa amekaa juu ya magunia mawili, akishona mdomo wa la tatu. Aliniangalia. Nilikuwa nimenawa uso asubuhi ile, siku ya kwanza bila dawa, kwa kuwa ngozi ilikuwa imeanza kubabuka. Nikapiga hatua moja ndani na harufu ikanipata. Haikuwa kali. Ilikuwa tamu, ya chini, kama soksi iliyosahaulika ndani ya chungu cha udongo, na ilipofika kooni ilikataa kushuka.

"Ulinusa kule?" Mama akauliza.

"Nilinusa."

"Ulinusa nini?"

Nikamwambia. Nilimweleza mkebe, tabaka, ndani ya pikapu, kila kitu. Jirani alitazama miguu yake. Mama hakunikemea. Aliuliza jambo moja tu, gunia lililotoka jana kwenda kwa mama anayewapikia uji watoto wa chekechea lilitolewa upande gani wa stoo.

Hakuna aliyekumbuka.

Tulikwenda mbio, Mama mbele, leso ikimwanguka begani. Yule mama alikuwa ameshasaga. Unga ulikuwa kwenye ndoo mbili kubwa, maji ya uji yakichemka, mwiko mkononi. Mama alimwomba asubiri, akainamia ndoo, akavuta hewa kwa pua isiyosikia chochote, akaninyooshea kidole. Nikaingiza uso kwenye unga. Ile harufu tamu ilikuwemo, nyembamba, chini kabisa. Niliinuka nikiwa na unga kwenye nyusi, na sikuwahi kutoka nje. Nilitapika kwenye kizingiti, mbele ya watoto waliokuwa wamepanga vikombe vyao. Wakacheka sana.

Maji ya uji yalitumika kwa chai. Unga tuliubeba kurudi nao.

Alasiri ile Mama alinifungulia kila gunia. Sikuruhusiwa kutoka stoo wala kunywa maji. "Nusa," alisema. "Tena. Ingiza mkono mpaka chini." Matatu yalikuwa mabaya, na lile la unga likawa la nne. Tulichimba shimo nyuma ya nyumba tukayamwaga pamoja na ule unga, jirani akamimina majivu juu ili kuku wasije kupekua. Mikono yangu ilinuka kwa siku tatu, nami sikuipaka kitu.

Tulirudi Tongaren Jumamosi. Nilidhani Mama anakwenda kugombana. Aliketi kwenye kiti alichopewa, akakataa chai, akamwambia yule mzee mbele yangu na mbele ya wakeze wawili waliokuwa wakipepeta, "Mzee, pua yangu imekufa. Karibu mwezi mzima sasa. Nilikuja hapa nikakudanganya nanusa. Manne yalikuwa yameoza."

Mzee alivua kofia, akaikunja, akaivaa tena.

"Manne," akasema. "Inawezekana. Hata mimi nilishangaa ukibeba yote."

"Ulijua?"

"Nilijua iko mbaya ndani. Sikujua ni gani. Pua yangu ilichomwa na tumbaku zamani, mama, kwani mimi nitanusa na nini? Kila mwaka naleta yote, wewe unaacha mabaya kando, mimi napeleka shimoni. Hata huyu wa ng'ambo na yule wa kule mtoni hufanya hivyo. Wewe ukipita, sisi tunajua tutakula gani."

Nilimwona Mama akihesabu kichwani boma moja baada ya lingine, njia yote ya kurudi nyuma, watu ambao huenda walikuwa tayari wanasaga na kula mwaka huu baada ya yeye kupita akijifanya ananusa. Kabla ya safari yetu ya pamoja alikuwa amepita peke yake katika maboma matatu, pua ikiwa tayari imeziba.

"Walishapeleka kwa mashine ya kusaga?" akauliza.

"Bado. Wengi wanaanza Jumatatu."

Akasimama. Mzee akamtolea kikopo cha tumbaku kutoka mfukoni, akamwambia avute kidogo, ile hufungua hata pua ya maiti. Mama akavuta. Alipiga chafya tano, akamwaga machozi na ute wa kahawia hadi kidevuni, akaupangusa kwa kiganja mbele ya watu wote, akavuta hewa, akatikisa kichwa. Kisha akafungua gunia la kwanza la mzee mwenyewe, la kula nyumbani kwake, akanisukumia mbele.

La kwanza lilikuwa safi. La pili, safi. Katika gunia la tano nilidhani nimesikia kitu, nikawa sina hakika, nikafungua mdomo niseme ninusishwe tena. Lakini Mama alikuwa tayari ameshika sikio moja la gunia, na mzee sikio la pili, wakaliburuta kando. Hawakuwa wakisubiri neno langu. Walikuwa wakinitazama midomo na mashavu, kama watu wanaotazama sufuria ya maziwa.

"Huyu mtoto ana kinyaa," mzee akamwambia Mama.

"Sana," Mama akasema. "Tangu azaliwe."

Nilipomaliza kutapika nyuma ya ghala, mmoja wa wakeze alinipa kikombe cha maji. Mama alisimama kando yangu, akasubiri nisukutue. Alininyooshea kidole upande wa mtoni, ambako bati la boma lingine lilikuwa likimeta, na watu wawili, waliokwisha kusikia habari, walikuwa wakitoa magunia yao nje.