Uso wa Pili wa Nguzo

Walimwita Bi Rangi, na hakuna aliyehitaji kuelezwa sababu. Miaka kumi na tisa ya kupaka alama za njano kwenye njia ya watembea kwa miguu ilikuwa imemwachia njano chini ya kucha, njano kwenye visigino vya viatu, na siku ya harusi ya binti yake, njano nyuma ya sikio. Mumewe, fundi cherehani aliyestaafu kwa sababu ya macho kufifia, alikuwa akitamba kwamba mke wake akipotea hatajisumbua kwenda polisi, atafuata njano tu.

Njia yenyewe ilikuwa ya kilomita kumi na nne. Ilianzia kwenye kituo cha hifadhi, ikakata uwanda wa vichaka vifupi ambako upepo haukuwa na adabu hata kidogo, ikaingia msituni, ikateremka hadi kwenye kinamasi na kukivuka juu ya mbao, kisha ikatokea kwenye lango la chini, jirani na nyumba za watu, yake Bi Rangi ikiwamo. Karibu wageni wote waliifuata kwa mpangilio huo. Lakini kila nguzo yenye alama ilikuwa na nyuso mbili, mmoja wa wanaokwenda na mmoja wa wanaorudi, maana huwezi kumkataza binadamu kutembea kinyume. Ukisimama kwenye alama moja, lazima uione inayofuata. Kazi yote ni hiyo, na wanaoiona rahisi Bi Rangi aliwakaribisha waje wajaribu siku ya ukungu.

Jumatatu ile mbao za katikati ya kinamasi zilikutwa zimeoza. Mkuu wa kituo, kijana wa rika la kifungua mimba wake, mwenye shahada ukutani na woga wa matope, akaagiza njia ipindishwe ipite pembeni, ukingoni mwa msitu, mpaka mbao mpya zije. Kazi ya namna hii ina utaratibu wake. Unaziba mbao pande zote mbili, unafunika alama za zamani kwa rangi ya kijivu, ndipo unapaka mpya. Alama ya zamani haiachwi hai hata usiku mmoja.

Upande wa msituni Bi Rangi alifanya kila kitu sawasawa. Akaweka mti wa kuzuia, akafunika, akapaka. Alipogeukia nyuso za wanaorudi, kopo la kijivu likawa tupu. Nguzo nne zilikuwa zimebaki na njano yao inang'aa, na mti wa kuzibia upande wa chini ulikuwa bado stoo, nyuma ya misumeno. Magoti yalikuwa yanamuuma. Nani apandie lango la chini siku ya kazi? Akashika redio.

"Mkuu, tayari. Pamefungwa."

"Pande zote mbili, mama?"

"Pande zote."

Simtetei. Alidanganya, na alijua anadanganya, ila aliuona ni uongo wa saa chache tu. Kesho asubuhi angemaliza na hakuna ambaye angejua.

Kesho yake ikaanza vibaya tangu chumbani. Alining'iniza koti lake la kazi kwenye msumari mmoja na shati ambalo mumewe alikuwa amelishona mwezi mzima, mshono kwa mshono, akipapasa zaidi ya kuona. Njano ikashika kwenye kola. Mzee akalitandaza shati kitandani, akalisogelea mpaka pua ikagusa kitambaa.

"Mama watoto, hata hapa ndani unaweka alama? Unaogopa nitapotea njia ya kwenda chooni?"

Ulikuwa utani, lakini sauti haikuwa ya utani. Bi Rangi naye, badala ya kuomba radhi, akajibu kwamba shati ni shati tu. Akaondoka bila kunywa chai. Kituoni akaambiwa mti mkubwa umeanguka njiani, pale uwanda unapokutana na msitu, na wageni ishirini wanatarajiwa. Akapewa msumeno. Kopo jipya la kijivu likabaki kwenye rafu.

Saa tisa alasiri alikuwa anakata tawi la mwisho redio ilipokoroma mfukoni.

"Mama, mzee amekwishafika huko?" aliuliza mkuu, kwa sauti ya mtu anayetafuna kitu.

"Mzee gani?"

"Wako. Alipiga simu hapa. Anasema mmeamka na maneno, kwa hiyo anakuja na chakula, mpatane huko huko njiani. Nikamwambia uko kwenye mti ulioanguka. Akasema basi atapandia lango la chini, ndiko karibu na kwake."

Bi Rangi aliuachia msumeno. "Saa ngapi?"

"Saa saba hivi. Nilimwambia afuate alama tu, hawezi kupotea."

Kutoka lango la chini hadi kwenye mbao ni dakika ishirini, hata kwa macho yale. Kutoka kwenye mbao hadi pale aliposimama ni saa moja kwa mtu asiye na haraka. Saa mbili zilikuwa zimepita.

"Mkuu, chini sijafunga."

"Umesemaje?"

"Upande wa chini sijaziba, na alama za kurudi bado zinaelekeza kwenye mbao. Jana nilikudanganya. Chukua gari, beba mbao ndefu, pitia langoni. Mimi nateremkia huku."

"Nakuja," redio ikasema, na safari hii mkuu hakuwa anatafuna.

Alikimbia. Mwanamke wa miaka hamsini na sita, na kamba begani, na buti zenye uzito wa mtoto mchanga kila moja, alikimbia kama mbuzi aliyekata kamba. Msitu ulimpita pembeni. Kila baada ya hatua thelathini alama yake ilimtokea mbele, njano, kingo zimenyooka, nzuri kuliko alama za njia yoyote aliyowahi kuiona, na kwa mara ya kwanza maishani mwake aliichukia. Alimpigia mumewe simu. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikaita mpaka ikakatika. Alijaribu kujipa moyo kwamba amerudi nyumbani, kwamba amekutana na jirani wakapiga soga, kwamba macho yamemchosha akaketi mahali. Hakuyaamini hata yeye mwenyewe.

Alipofika kwenye mti wa kuzuia aliuruka, akasimama juu ya ubao wa kwanza, akaita. Matete yalitikisika kwa upepo. Vyura walinyamaza wote kwa pamoja. Akaita tena, na safari hii kutoka mbele kukaja kikohozi, kidogo tu, lakini miaka thelathini na mitatu kitanda kimoja, utakosaje kukijua kikohozi cha mtu?

"Usijitikise! Nakuja! Usijitikise!"

Alitembea hadi mbao zilipoanza kulegea, kisha akalala kifudifudi, akatambaa. Maji meusi yalipenya kifuani. Pale ambapo jana kulikuwa na mbao tatu zilizooza, leo kulikuwa na uwazi, na ndani ya uwazi ule mumewe, tope limemfika kwapani, viwiko viwili juu ya kipande cha ubao. Uso ulikuwa wa rangi ya jivu. Midomo ilitetemeka na sauti ilikuwa imekwisha kwa kuita.

"Umechelewa," alinong'ona. "Chakula kimepoa."

Bi Rangi hakucheka. Alimpitishia kamba chini ya makwapa, akakosea fundo, akafungua, akafunga upya. "Nisikilize. Lala chali, kama uko kitandani. Sogeza mguu mmoja, taratibu, maji yaingie chini yake. Ukijivuta kwa nguvu unazama."

"Siwezi, mama watoto. Miguu siioni tena."

"Haionekani, lakini ipo. Sogeza."

Alisogeza. Kipande cha ubao kikalia na kupasuka, tope likampanda mpaka shingoni, na Bi Rangi akajizungushia kamba mkononi akavuta huku akilia kwa sauti, bila haya, kama mtoto. Hakuwa na nguvu za kumtoa. Alikuwa na nguvu za kumzuia tu, na hizo zilikuwa zinamwishia. Ndipo ubao mrefu ulipotua upande wa pili kwa kishindo, na juu yake mkuu wa kituo, akitambaa kwa tumbo na suruali yake ya ofisini, matope mpaka kwenye nyusi. Aliudaka mkono mmoja wa mzee. Wakavuta pamoja, wakapumzika, wakavuta. Tope lilimwachia kidogo kidogo, likabaki na kiatu kimoja.

Walipomvusha kwa ubao ule mrefu hadi kwenye mbao nzima, upande wa langoni, Bi Rangi alimvika koti lake na kumkumbatia kutoka nyuma, akimsugua mikono. Mzee alitetemeka kwa muda mrefu. Sauti ilipomrudia, alimgeukia mkuu.

"Kijana, nani aliacha huku wazi?"

Mkuu alitazama maji.

"Nakuuliza. Ule ubao wa kwanza ulilia nilipoukanyaga. Nikataka kurudi, haki ya Mungu nikataka kurudi. Nikatazama mbele, nikaona njano. Nikajiambia, kama mke wangu amepaka hapo, basi panapitika, hayo ni masikio ya uzee. Sasa huyo aliyekuja baada yake akaacha kufunga, mfukuze. Leo hii. Mtu kama huyo anaua."

Mkuu alifungua mdomo, akamtazama Bi Rangi, akaufunga. Angeweza kumfunikia. Ilionekana wazi kwamba angemfunikia.

"Hakuna aliyekuja baada yangu," Bi Rangi alisema. "Ni mimi. Rangi iliniishia, nikachoka, nikasema nimemaliza."

Mzee hakugeuka. Mikono yake ilitulia ndani ya mikono ya mkewe, kisha akaitoa, polepole, akafunga vifungo vya koti mwenyewe, kwa kupapasa, kimoja baada ya kingine. Akainuka. Mkuu alimpa bega, akalikubali. Bi Rangi alimpa lake, na hilo pia alilikubali, maana njia ilikuwa ya kuteleza na yeye hakuwa mtu wa visa.

Zilikuwa zimebaki mbao arobaini na moja hadi nchi kavu, zote nzima, nyingine amezipigilia mkewe mwezi uliopita tu. Kila moja aliigonga kwanza mara mbili kwa mguu wake usio na kiatu, akasikiliza, ndipo akakanyaga.