Bega la Mama na Kitenge Tulichomfungia

Enzi zetu kule Ufipa, bega la mama likiuma, nyumba nzima inanyamaza. Watoto wa siku hizi kidole kikichoka kwa simu tu, wanataka panadol!

Nakumbuka nilikuwa na miaka tisa mama alipoanza kuamka ameshika bega la kulia. Msimu wa kulima matuta ulikuwa unakaribia, yale ya mviringo tunayofukia majani ndani, na baba alikuwa Kasanga akibeba mizigo bandarini. Mama asiposhika jembe, mwaka ule hatuli. Hata mimi nililijua hilo, na niliogopa.

Bibi alianza na chumvi ya moto kwenye kitambaa. Mama alipata usingizi, lakini asubuhi maumivu yakawa palepale. Shangazi akamleta mkandaji kutoka Chala, mzee wa mikono migumu. Akauvuta ule mkono, mama akapiga yowe, sisi tukakimbilia nyuma ya kihenge. Jioni bega likavimba.

Zahanati wakamchoma sindano. Hiyo ilisaidia kweli, na tabibu akasisitiza, "Sasa uwe unaunyanyua kidogo kidogo kila siku, hata kama unauma."

Bibi akafoka, "Unyanyue nini? Mkono mgonjwa unapumzishwa!" Akaufunga kifuani kwa kitenge. Nasi watoto watano tukashindana kumhudumia: tukamchotea maji, tukamsuka, tukamlisha mpaka ugali. Miezi mitatu hakunyanyua hata kijiko.

Siku ya kufungua kitenge alishika jembe. Mkono ukaishia usawa wa kiuno, ukagoma. Akakaa chini pale pale shambani. Tulilima sisi, vibaya, na njaa ya mwaka ule tuliiona.

Mwaka huu zamu yangu, bega langu nalo limekaza. Hospitalini mjini Sumbawanga, binti wa mazoezi ya viungo alinisalimia, "Shikamoo mama," kisha akanitesa bila huruma: tembeza vidole ukutani, juu, juu zaidi! Nalia, namchukia, narudia kesho yake. Jamani, juzi nimejifunga kilemba mwenyewe.

Nyumbani niko peke yangu. Wanangu wako mbali, wananitumia "pole mama" kwenye simu. Maji nachota mwenyewe, ugali nasonga mwenyewe, na mkono unazidi kupanda. Mama alikuwa na sisi watano tukimpenda, na wa kwake haukupanda tena mpaka tunamzika.