Lazaro Aliyefufuka Kabla ya Wakati

Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni kule Mzumbe, parokia moja ya upande wa Bigwa ilinichukua kwa mwaka mzima nijifunze kazi ya kulea vijana. Paroko alinitambulisha kanisani kwa neno alilolipenda: mwanagenzi, yaani anayejifunza kazi. Vijana hawakuwahi kulisikia, wakaniita Mgeni. Wazee wa jumuiya walisikia Mwanajeshi, wakawa wananipisha njiani. Nikaitikia yote mawili.

Zilikuwa zama za ruksa, biashara zilipofunguliwa. Maduka ya Morogoro yalikuwa yameanza kujaa sabuni za rangi na redio za kaseti, na kila kijana wa mjini alikuwa na suruali ya mtumba yenye mifuko mpaka magotini. Wahadhiri wetu walifundisha soko huria kwa sauti ileile waliyokuwa wakifundishia ujamaa, na sisi tuliandika tu. Jumatatu mpaka Ijumaa nilikuwa mtu wa uchumi. Jumamosi na Dominika nilikuwa mtu wa vijana. Shida ni kwamba kichwa kilikuwa kimoja, na hakikuwa na ukuta katikati.

Siku moja nilikuwa nawafundisha vijana habari ya ile mikate mitano na samaki wawili. Nikajikuta nawaeleza kwamba tatizo la pale nyikani lilikuwa la ugavi, maana mahitaji yalikuwepo tayari. Kijana mmoja akauliza kama bei ya samaki ilipanda. Wiki iliyofuata, chuoni, nilimaliza kusoma kazi yangu mbele ya semina nzima nikasema, "Kwa Kristo Bwana wetu." Nusu ya darasa wakaitikia, "Amina." Mhadhiri naye aliitikia, kisha akaonekana kujuta.

Basi ikafika sikukuu ya somo, mtakatifu msimamizi, wa kanisa la Kinole, huko juu milimani, na vijana wetu wakaalikwa kwenda kuonyesha igizo. Tukachagua kufufuka kwa Lazaro. Mazoezi yalikwenda vizuri mpaka ratiba ya mitihani ilipobandikwa chuoni: igizo Dominika, mtihani wa uchumi Jumatatu asubuhi. Nikaenda kwa Paroko na uso wa msiba.

"Baba, sitaweza kwenda Kinole. Nina mtihani."

Paroko alikuwa mtu mnene, mpole, aliyependa kufikiri huku akipapasa tumbo lake. Akalipapasa.

"Hebu niambie. Lazaro ana maneno mangapi katika igizo letu?"

"Hana hata moja, Baba. Ni maiti."

"Basi wewe ndiye Lazaro. Utaingia kaburini na vitabu vyako, usome mpaka utakapoitwa. Mimi nimesoma seminari miaka mingi, sijapata chumba cha kujisomea chenye utulivu kama kaburi."

Kijana aliyekuwa Lazaro kabla yangu akapewa kazi ya kupiga ngoma, akafurahi, maana maiti haonekani na wasichana.

Wahusika wakuu walikuwa wawili. Yesu wetu alikuwa fundi magari, kijana mrefu, aliyechaguliwa kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa na ndevu. Alikuwa mwema, ila mpenda kula. Martha alikuwa mshonaji. Ndiye aliyeshona mavazi yote, na alijua maneno ya kila mtu kuliko mwenyewe. Mtu akikosea, alimsahihisha palepale bila kutoka kwenye nafasi yake, hata kama alikuwa analia.

Dominika tulipanda Kinole kwa lori lililokuwa linakwenda kuchukua mananasi. Baada ya misa, watu wakakaa kwenye mteremko kando ya kanisa. Vijana wa huko walikuwa wametujengea kaburi zuri la miti na majani ya migomba, limeegemea ukingo wa udongo. Mlango wake ulizibwa kwa ungo mkubwa uliopakwa majivu ufanane na jiwe. Yesu na mitume wakapelekwa kusubiri kwenye nyumba ya nyuma ya kanisa. Ngoma ikilia mara ya pili, ndipo watokee.

Martha alinifunga vitambaa vya shuka toka miguuni mpaka kifuani, akaniachia mikono. Ndani ya vitambaa nilikuwa nimeficha madesa, zile karatasi za masomo tulizokuwa tunarithishana chuoni, nyingine zina mchuzi wa watu waliokwisha kuhitimu. Nikabebwa mbele ya watu nikiwa nimekufa vizuri kabisa, nikaingizwa kaburini, nikalazwa kwenye mkeka. Mwanga ulipenya kwenye majani. Nikafungua madesa. Nasema kweli, sijawahi kusoma kwa raha namna ile. Nje watu wanaomboleza, ndani mimi naelewa kwa nini bei hupanda bidhaa zikiadimika.

Nje, mambo yalikuwa yameshika moto kuliko tulivyotarajia. Dada aliyekuwa Maria alilia kwa uchungu hata mabibi wa Kinole waliokaa mbele wakashindwa kuvumilia, wakaanza kulia nao, kilio cha msiba wa kweli, na wimbo juu yake. Bibi mmoja alimwuliza Martha marehemu ni mtu wa wapi. Martha, kwa kuwa swali hilo halikuwa kwenye mazoezi, akajibu ukweli.

"Ni Mnyamwezi, bibi. Wa Tabora."

"Kumbe mtani!" Kilio cha bibi kikakatika palepale. "Mbona hamkusema? Mtani ndiye mnamlilia hivi? Hebu nimwone kama amekufa kweli au anakwepa kulima."

Watani, watu ambao makabila yao yameruhusiana mzaha, ndivyo walivyo, na msibani ndiko wanakopata nafasi. Kabla mtu hajamzuia, bibi akasogeza lile jiwe la ungo, akachungulia. Mimi nilikuwa nageuza ukurasa. Tukatazamana. Nikiwa nimelelewa vizuri, nikasema kwa sauti ndogo, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba," akaitikia, akarudisha ungo taratibu, akawageukia watu. "Jamani, marehemu anasoma!"

Nikasikia sauti ya Martha, imara kama ukuta: "Bibi, huyu alikuwa msomi. Ndiyo maana tunamlilia."

Watu wakapiga makofi. Nikarudi kwenye ukurasa wangu.

Hapo ndipo nilipohisi kitu kwenye kifundo cha mguu. Kwanza nilidhani ni kitambaa. Kisha kikawa kwenye goti. Nilipoinua kichwa kutazama, nikaona mstari mweusi unaong'aa umetoka kwenye ule ukingo wa udongo, umepita juu ya mkeka, umepanda juu yangu bila haraka. Siafu. Walikuwa na njia yao pale siku zote, nasi tukaja kuwajengea kaburi katikati.

Nilijitahidi. Ningependa ijulikane kwamba nilijitahidi. Nilimkumbuka Ayubu. Nilimkumbuka hata yule mhadhiri wetu aliyesema mtu mwenye busara hupima faida na hasara kabla ya kutenda. Nikapima. Nje Martha ndiyo kwanza alikuwa anawaeleza watu kwamba Bwana amechelewa, na ngoma ya pili ilikuwa bado. Siafu mmoja akaniuma mahali ambapo sitapataja, na wenzake, kana kwamba walikuwa wanasubiri amri yake, wakauma wote kwa pamoja.

Nikafufuka.

Nilitoka na ungo, nikatoka na nusu ya majani ya migomba, napiga kelele ambazo maiti hana sababu ya kuzijua. Miguu ilikuwa bado imefungwa, kwa hiyo nikawa naruka kama mtu wa mashindano ya magunia. Mabibi wa mbele wakatawanyika. Yule aliyekuwa akipiga ngoma alipagawa, akazidisha kupiga, kwa hiyo nikajikuta naruka kwa mdundo. Bibi mtani peke yake hakukimbia. Alisimama mikono kiunoni akapaza sauti, "Nilisema! Huyu hakufa, huyu alikuwa anakwepa jembe!"

Nikateremka mpaka kwenye kijito kilichopita chini ya kanisa, nikajitupa majini, maji ya mlimani, baridi ya kukata. Nikaanza kuvua vitambaa na siafu pamoja.

Yaliyotokea juu nilisimuliwa, lakini nilisimuliwa na watu wengi mno hata nikawa kama nimeyaona. Ile ngoma ya wazimu ilisikika mpaka nyuma ya kanisa, na Yesu wetu akadhani ndiyo ishara yake. Kule alikosubiri, wenyeji walikuwa wamempasulia fenesi, naye hakujua namna ya kukataa. Utomvu wa fenesi ulikuwa umemganda mikononi na kwenye ndevu, na kanzu imenata kwenye viganja. Akatokea hivyohivyo, kwa mwendo wa taratibu wa mazoezi, mitume nyuma yake wakitafuna. Hakuona ungo uliolala katikati ya njia wala kaburi lililofumuka. Macho yake yalikuwa juu, kama Martha alivyomfundisha.

"Dada zangu," akasema kwa sauti nzito, "yuko wapi mliyemlaza?"

Kinole nzima ikajibu kwa pamoja: "Yuko mtoni anaoga!"

Yesu akashusha macho. Akatazama kaburi. Akamtazama Martha. Akataka kuinua mkono, lakini mkono ulikuwa umeshikana na kanzu.

"Bwana," Martha akamwambia kwa unyenyekevu, ila wenye kumjua waliona amekasirika, "umechelewa. Amefufuka mwenyewe."

Paroko alikuwa ameketi kwenye kiti cha wageni. Alifunika uso kwa kitabu cha nyimbo, lakini tumbo halifunikiki kwa kitabu, na watu waliliona linavyotikisika. Wakacheka wote, wakacheka mpaka wengine wakaketi tena chini. Kisha mzee mmoja akasimama akasema kwamba wao waliambiwa Bwana ndiye atamfufua huyu mtu, na hawawezi kurudi nyumbani na hadithi nusu.

"Arudishwe kaburini!" vijana wakapiga kelele.

Ujumbe wa vijana ukateremka kijitoni. Niliukataa. Nilisema niko tayari kufa tena kwa ajili ya parokia, lakini si pale. Ndipo Martha akaja mwenyewe, akasimama ukingoni amenipa mgongo kwa heshima, akatoa uamuzi: kaburi limehamia kijitoni. Yesu ataniita kutoka juu, nami nitapanda.

"Nipande na nguo gani? Vitambaa vimejaa siafu."

Bibi mtani, aliyekuwa amemfuata, akavua kanga ya mabegani akanirushia. "Vaa, mtani. Ukiichana nakuoza kwa mjukuu wangu."

Basi Yesu akaita kwa sauti kubwa kutoka mteremkoni, nami nikapanda, nimejifunga kanga, midomo imevimba, nachechemea. Mabibi wengine walifuta machozi tena, na mimi mwenyewe, sijui kwa nini, nikafuta langu moja. Nikageuka kuwaonyesha watu wote kwamba ni mimi, kama tulivyofanya mazoezi. Msichana mmoja wa shule akasoma kwa sauti maandishi ya kanga yaliyokuwa mgongoni kwangu:

"Mlidhani sirudi."

Igizo halikuweza kuendelea baada ya hapo. Mitume walikuwa wamelala chini.

Kesho yake nilikaa kwenye chumba cha mtihani na sikio moja ukubwa wa andazi. Msimamizi alipita mara kadhaa, mwishowe akainama.

"Kijana, umeumwa na nini?"

"Siafu, mwalimu."

"Wapi?"

"Kaburini."

Akanitazama, akanyoosha mgongo, akaenda zake, na hakupita tena upande wangu mpaka mwisho. Swali la kwanza lilihusu bidhaa zinapoadimika. Nililijibu kwa ufasaha wa mtu aliyeumia akiwa kwenye sura hiyohiyo. Maswali mengine yalitoka kwenye kurasa ambazo siafu hawakuniruhusu kuzifikia, nikayajibu kwa imani.

Matokeo yalipotoka nikaenda kwa Paroko.

"Umefaulu?"

"Nimefaulu, Baba."

"Kwa kiasi gani?"

"Kwa kiasi cha kutorudia mtihani."

"Hicho kinatosha. Wengi wetu tunatumaini kuingia mbinguni kwa kiasi hichohicho." Akapapasa tumbo. "Sasa, Kinole wameleta salamu. Wanataka igizo jingine wakati wa Noeli. Wamesema yeyote aje, lakini yule msomi asikose. Nimefikiri. Ratiba yenu ya mitihani ikoje?"

Nikamwambia kuna mtihani wa hesabu.

"Hakuna neno," akasema Paroko. "Katika pango la Bethlehemu kuna punda. Naye hana maneno."