Mistari Isiyotulia

Mwalimu Restituta alifundisha fizikia, na somo alilolipenda kuliko yote ni lile la mwanga kukutana na mwanga mwenzake: pengine huongezeana nguvu, pengine huzimana, ukutani ikabaki mistari myekundu na myeusi. Mistari hiyo haina subira. Kioo kikisogea hata chini ya unene wa unywele, nayo inatembea. Shuleni iliharibiwa na mtikisiko wa mashine ya kusaga ya jirani, ndiyo maana likizo ile alibeba vifaa hadi kwa mama yake, nje kidogo ya Litembo, kwenye nyumba tulivu chini ya mlima.

Akapanga leza, tochi yake ya mwanga mwekundu, na vioo viwili sakafuni, akaitega simu ipige picha. Mistari ikatembea.

"Sakafu yetu inakuonea aibu, Mwalimu," kaka yake Xaveri alimtania.

"Ni joto la jua tu." Akavifunika vifaa kwa boksi. Baridi ya jioni ikaingia. Kama ni joto, mistari ingerudi ilikotoka. Picha zilionyesha inakwenda upande uleule. Ndipo akaona: kioo kimoja kilikuwa huku, kingine upande wa pili wa ufa wa sakafu ambao mama huuziba kwa saruji kila mwaka. Akavihamishia vyote upande mmoja. Mistari ikatulia kama maji mtungini.

Akarudisha kioo ng'ambo ya ufa, mistari ikaanza tena kutembea, akatoka kutazama mlima. Tangu enzi za babu mteremko ule ulilimwa ngolo, mashimo yanayogawana mvua kidogo kidogo. Mwaka huu Xaveri aliyafukia apande kahawa, akachimba mfereji mmoja juu ya nyumba. Ulikuwa umejaa maji pomoni, yakinywea ardhini.

"Mama, mlima unashuka. Tukalale kwa Shangazi Ephrasia."

"Tochi yako ndiyo imekuambia?" Mama Margareta aliendelea kuchambua maharage. "Baba yenu amelala kaburini hapo nyuma. Nimwache na nani?"

"Mfereji nitauziba kesho," Xaveri alisema, macho chini.

Mvua ikapiga bati, kisha ikakatika. Kukawa kimya. Mama akageukia ukuta.

"Mbona mistari yako imepotea?"

"Haijapotea, Mama. Inakimbia mno, jicho haliioni."

Mama akauweka ungo chini. "Xaveri, fungua mbuzi."

Walipotoka, Mama alitaka kufunga mlango. Komeo halikufikia tundu lake. Asubuhi ya siku hiyohiyo lilikuwa linaingia.