Kiti cha Kantini

Katika chumba kisichotaka vumbi hakuna mwenye uso. Mtu huingia amefunikwa tangu unyayo hadi utosini, ovaroli nyeupe, kofia, barakoa na glavu. Hubaki macho tu. Ndani ya chumba kama hicho, pale chuo kikuu, mtafiti mmoja wa kike alikuwa ameumalizia ujana wake. Kazi yake ilikuwa kuotesha fuwele za semikondakta, zile zinazoongoza umeme ndani ya vifaa, katika tanuri, utando juu ya utando. Silikoni ya kawaida, ile iliyomo kwenye simu, ikipata joto kali huzimia. Yeye alitafuta kitu kitakachofanya kazi ndani ya injini bila kulalamika. Nyumbani kwao hilo halikueleweka. Kwao alikuwa fundi simu aliyesoma sana.

Upande wa pili wa chumba alikaa mpimaji. Kile alichokiotesha mtafiti, mpimaji alikichoma na kukipitishia umeme mpaka kife. Mashine zilivuma, barakoa zilimeza maneno, basi wakazoea ishara: mkono juu asubuhi, kidole gumba chini kipande cha fuwele kikifa. Kwa mtu anayerudi kwenye nyumba yenye kikombe kimoja sinkini, mkono ule ndio uliokuwa salamu ya siku nzima.

Vipande vilikufa mwaka nenda mwaka rudi. Kisha siku moja, kimoja kikagoma kufa. Mpimaji akapandisha joto, akapandisha tena, umeme haukuyumba. Akageuka na kuinua vidole gumba vyote viwili, macho yakicheka.

Alipotoka na kuvua ovaroli, mtafiti alimpigia dada yake. Dada alimpongeza kwa moyo mweupe, kisha akauliza, "Sasa mdogo wangu, hicho chako kitaisaidia simu yangu? Inachemka kama chungu."

Kisha mtafiti akaenda kantini. Akiwa peke yake mezani, akayaona macho yale yanamjia, safari hii na pua, na mdomo, na ndevu zenye mvi. Akasogeza sahani yake kumpa nafasi.

"Samahani dada, kiti hiki kina mwenyewe?"

"Hakina."

Mpimaji akashukuru, akakibeba kiti, akaenda nacho kwenye meza ya wenzake.

Kesho yake mkono wa mpimaji ulipoinuliwa, mtafiti hakuujibu. Alimsogelea, akapaza sauti ipenye barakoa: "Jana ulininyang'anya kiti."

Ilimchukua mpimaji muda kuelewa. Alipoelewa, alijishika kichwa. Mchana akamngojea mlangoni, wakala pamoja. Walizungumza habari za tanuri mpaka wakazimaliza, kisha kila mmoja akawa anapapasa neno kama mtu apapasaye ufunguo gizani. Alikuwa mtu mwema, mwenye mke na wajukuu. Waliagana kwa heshima, wala hakuna aliyetaja chakula kingine.

Mtafiti alirudi kazini mapema. Chumbani hamkuwa na mtu bado. Akaliwasha tanuri, akaketi kulisubiri lipate moto.