Siku Nilipotenganisha Santuri Ukweni

Jamani, hii aibu nimeikalia miaka miwili, na kwa kuwa wenye mdomo wameshaanza kuisimulia kwa kuongeza chumvi, bora niiseme mwenyewe, mcheke mmalize, tuendelee na maisha.

Mimi ni fundi redio hapa Singida mjini na ugonjwa wangu ni santuri, zile sahani nyeusi za zamani. Nilijiunga na kundi moja la mtandaoni la watu wanaobishana kama chapa ya kwanza, yaani ile iliyotoka kiwandani wimbo ukiwa bado mpya, inalia vizuri kuliko chapa ya marudio, hizi wanazotoa siku hizi kwa ajili ya watu wanaojiona wana masikio kuliko wenzao. Miezi sita tu nikawa bingwa. Nikawa nasema "besi imevimba" na "sauti ina joto" mbele ya wateja waliokuja kutengenezewa rimoti.

Sasa, nilikuwa nataka kumuoa Zuhura, binti wa Mzee Athumani anayekamua alizeti, na nilimtaka kwelikweli, si utani. Lakini nyumba ile ilikuwa ngumu. Kabla yangu walishakataliwa wawili, na mmoja kosa lake ni kwamba alikunja nne mbele ya bibi yake Zuhura.

Kwetu siku ya posa muoaji hana kauli, anayeongea ni mshenga. Mshenga wangu alikuwa Mzee Juma, rafiki wa marehemu baba, na njiani akanipa somo. "Una maneno mawili tu leo," akasema, "shikamoo na ahsante. Likikujia la tatu, tia sambusa mdomoni."

Nikaitikia vizuri kabisa. Ila kwenye mfuko nilikuwa nimebeba santuri. Nilijua Mzee Athumani ana santuri ya bendi fulani ya dansi, chapa ya kwanza, na mimi nilikuwa nimepata ya marudio ya santuri hiyo hiyo, bado imo kwenye nailoni yake. Nikajiambia ni zawadi tu. (Uongo. Nilitaka aniulize.)

Tukafika saa kumi alasiri, nikatoa shikamoo zangu zote, tukaketi. Bahati mbaya baba mkubwa wa Zuhura, anayetoka Manyoni, gari lake lilipata pancha njiani, na bila yeye maneno hayaanzi. Tukakaa kimya, watu wazima sita wanaangaliana viatu, na mimi kimya kikanishinda, nikaitoa ile santuri nikamkabidhi mzee kwa mikono miwili.

Uso wake ukafunguka. "Na mimi ninayo hii," akasema. "Ya zamani."

Hapo ndipo pa kusema ahsante. Mimi nikasema, "Ya zamani ndiyo yenyewe, baba. Hizi mpya zimetolewa roho." (Oneni akili hiyo, nimempa mtu zawadi na hapo hapo nimeiponda.) Mzee Juma akanikanyaga kidole cha mguu, nikaendelea. "Hata nikifumba macho nazitenganisha."

"Kweli?"

"Hilo ni jambo dogo sana, baba."

Mzee akamwita dada yake, Shangazi Mwajuma, akaleta pleya na ile santuri ya zamani. Mimi nikageuzwa kuangalia dirisha la uani, lililofunikwa na pazia, mgongo kwa wakwe, kanzu imenyooka, na nikawa na raha isiyo na mfano.

Ya kwanza ikaanza. Ngoma zikaingia, na chini yake nikaisikia ile mikwaruzo ya kale, laini, isiyokatika. Nikanyanyua kidole. "Hii ndiyo chapa ya kwanza," nikawaambia. "Sikilizeni hiyo mikwaruzo. Hiyo ndiyo pumzi ya miaka."

Ikawekwa ya pili, safi, haina hata punje ya mkwaruzo. "Na hii ni ya juzi," nikasema. "Imesafishwa mpaka imekufa. Mwimbaji kama yuko ndani ya pipa. Hii, baba, hata ningeikuta njiani nisingeinama kuiokota."

Nikageuka. Mzee Athumani alikuwa anaiangalia santuri ikizunguka.

"Hiyo ya pili ndiyo yangu," akasema taratibu. "Ilipigwa siku namuoa mama yake Zuhura, Mungu amrehemu. Inapigwa Idi mpaka Idi, na naifuta mwenyewe."

Mtu mwenye akili angeomba radhi. Mimi nikabisha. "Haiwezekani, baba, ile ya kwanza ilikuwa na mikwaruzo."

Pazia likafunguliwa kutoka uani. Bibi yake Zuhura alikuwa amekaa pale chini ya dirisha na karai lake la mafuta, sambusa zilizoiva ameshaziopoa kwenye sinia. "Mikwaruzo ipi, mjukuu wangu?" akauliza. "Hii?" Akatumbukiza sambusa mbichi moja, na pumzi yote ya miaka ikasikika upya pale dirishani.

Kutoka chumba cha ndani nikasikia kicheko cha Zuhura kinaanza na kinazibwa kwa kanga, na hapo ndipo nilipoumia. Baba mkubwa akaingia wakati huo huo, akasimuliwa yote kabla hajavua kofia. Mzee Juma akatoa posa kwa sauti ya mtu anayetoa rambirambi. Tukaambiwa jibu litaletwa.

Siku tisa. Nilijitoa kwenye lile kundi, nikawa natengeneza rimoti bila kumwambia mtu chochote.

Siku ya kumi Mzee Juma akaja kibandani, akakaa, akanitazama. "Wamekubali," akasema. "Mzee kasema wale wengine walikuja wameficha ujinga wao. Wewe umeumwaga wote siku ya kwanza, hakuna kitakachomshtua tena. Na Zuhura kasema hajacheka hivyo tangu mama yake afariki."

Nililia mbele ya redio za watu.

Sasa kila Idi tunakwenda kwa mzee, anaweka santuri mojawapo, sebule nzima inanyamaza, hata watoto, kisha ananiuliza, "Hii ni ipi, mwanangu?"

"Shikamoo, baba," namjibu.

"Marahaba," anasema, na mimi natia sambusa mdomoni.